Ile Ngao Inasema Nini?

Nilikuwa Karatu na Ngorongoro kwa siku sita kikazi, na habari niliyotumwa imeshatoka gazetini, kwa hiyo sitairudia hapa. Nilichorudi nacho kichwani ni kitu kingine kabisa, na kilianza na mchoro.

Nina rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, yeye anachora. Kachora vitabu vya watoto, kachora kalenda za watu, na mwaka huu kapata ile kazi aliyokuwa akiiota tangu tukiwa hosteli: kuchora picha za riwaya ya fantasia kwa Kiswahili. Mwandishi wake ameiweka hadithi ndani ya kreta ya Ngorongoro, zamani za kale. Kuna zimwi linalolala chini ya Ziwa Magadi, kuna mganga mwenye jicho la tatu, na kuna kikosi cha morani kinachoshuka kreta kwenda kupambana nalo. Mimi hadithi imenishika. Rafiki yangu akanitumia mchoro wa jalada nimpe maoni kabla hajaupeleka kwa mwenyewe.

Nikaufungua. Morani kasimama ukingoni mwa kreta, mawingu chini ya miguu yake. Kifuani bamba la chuma linalong'aa. Mabegani vyuma vyenye miiba kama ya nungunungu. Kichwani chepeo yenye pembe mbili. Mkono wa kushoto umefungwa ngao kwa mikanda miwili, kama wale mashujaa wa Ulaya kwenye sinema.

Nikamjibu palepale, tena kwa kujiamini: "Kaka, hapa siyo Ulaya. Mvue hivyo vyuma vyote. Mvike shuka nyekundu ya miraba, mpe mkuki wenye mti mrefu, na ngao ya Kimasai. Ya kwetu tunayo, kwa nini tuazime?" Na kumsaidia zaidi nikamtumia picha ya ngao niliyokuwa nayo kwenye kompyuta tangu siku nyingi. Nikajiona mwanahistoria mzima.

Naomba muukumbuke ushauri huo vizuri. Nitaurudia baadaye, kwa aibu.

Nyie mnaosoma riwaya za mazimwi na wachawi, au mnaocheza magemu yake, picha zake mnazijua. Shujaa wa kike kavaa chuma kinachoacha tumbo wazi, yaani kakinga kila kitu isipokuwa utumbo. Shujaa wa kiume kabebeshwa vyuma mabegani vikubwa kiasi kwamba akitaka kuinua panga juu ya kichwa hawezi. Na pembe, kila mahali pembe! Hizo pembe zina historia ya kuchekesha. Hakuna chepeo ya Kiviking yenye pembe iliyowahi kufukuliwa. Zilienea kutokana na mavazi ya jukwaani aliyobuni Carl Emil Doepler kwa opera za Richard Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Zilipendeza machoni, basi, zikawa historia.

Upo na uongo wa kinyume, kwamba shujaa wa Ulaya ndani ya chuma chake alikuwa kama kabati, akianguka haamki mpaka ainuliwe. Deraya kamili ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, na uzito huo uligawanywa mwili mzima. Mtu mwenye mazoezi aliweza kukimbia nayo na kupanda farasi bila kushikwa mkono. Kila kipande kilikuwa na sababu yake: hapa mkuki uteleze, hapa kiwiko kikunje. Ndiyo maana wanaoijua historia hiyo wakiona picha za riwaya wanaumwa kichwa. Fundi wa zamani alifikiri sana, mchoraji wa leo hakufikiri.

Sasa sisi. Chepeo na dirii wengi wetu tulivisikia kwanza kanisani, kwenye ile barua kwa Waefeso, siyo kwenye simulizi za babu. Chuma cha kifuani kilifika pwani yetu na Wareno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa akiwa na watu waliovaa vyuma. Siyo kwamba Afrika haikuvijua vitu hivyo. Sudan na Bornu wapanda farasi walivaa mashati ya pete za chuma na makoti mazito yaliyojazwa pamba. Lakini wao walikuwa na farasi. Morani alikwenda vitani kwa miguu yake mwenyewe. Anatembea siku kadhaa, anavamia, anachukua ng'ombe, halafu anatakiwa arudi mbio na ng'ombe hao huku wenyewe wakimfuata nyuma. Mvike kilo 20 za chuma mtu wa kazi hiyo, utakuwa umemuua kabla adui hajamfikia. Kinga yake ilikuwa ngao na mbio.

Na ukiwa Karatu utaoneshwa kinga ya upande wa pili, ya waliokuwa wakivamiwa. Mwenyeji wangu pale mjini ni Mwiraqw, na nilipomsimulia habari ya mchoro akacheka. Akaniambia deraya yao wao ilikuwa nyumba. Ni kweli. Wairaqw kule nyanda za juu za Mbulu walichimba nyumba ndani ya mteremko wa kilima, paa likalingana na ardhi, juu yake udongo na majani. Ng'ombe ndani, watu ndani. Mvamizi anapita juu yake anaona kilima tu. Jalada la riwaya lenye shujaa wa namna hiyo haliwezi kuuza, kwa sababu shujaa mwenyewe haonekani, lakini kwangu mimi huo ni ufundi mkubwa kuliko miiba ya mabegani.

Turudi kwa morani. Nilidhani fantasia ya Umasaini ni jambo jipya la kizazi chetu. Kumbe mwaka 1887 Mwingereza Henry Rider Haggard alishatoa riwaya iitwayo Allan Quatermain. Watu wake wanaanzia Lamu, wanapigana na Wamasai njiani, halafu wanaingia ardhini kwa mto wa chini kwa chini na kutokea kwenye nchi ya weupe iliyojificha katikati ya Afrika. Ni fantasia tupu. Kwenye vita na Wamasai mashujaa wake wa Kizungu wanavaa mashati ya pete za chuma yaliyotengenezwa Birmingham, mikuki inawagonga na kuteleza. Miaka miwili nyuma, katika King Solomon's Mines, mashati kama hayo waliyapewa na mfalme wa kubuni wa Kiafrika. Safari hii wakaona bora waje nayo kutoka nyumbani. Yaani deraya iliwahi kuvaliwa Umasaini, lakini kitabuni tu.

Haggard alikuwa ameishi Afrika Kusini, Natal na Transvaal. Umasaini hakuwa amefika. Mzulu wake maarufu, Umslopogaas, alimchukua kutoka huko na kumleta mpaka Lamu bila nauli. Lakini alipofika kwenye mavazi ya morani hakubuni hovyo. Alisoma kitabu cha Joseph Thomson, Through Masai Land, kilichotoka London mwaka 1885, na mwenyewe alikiri kitabuni kwamba alikitegemea.

Huyo Thomson alikuwa kijana wa miaka 25 alipoingia Umasaini mwaka 1883, ametumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia. (Miaka 25! Mimi kwa umri huo nilikuwa natumwa kuripoti vikao vya kamati za maji.) Alimwona morani wa vita na akaandika alichokiona. Kichwani duara la manyoya ya mbuni linalozunguka uso. Mabegani joho la manyoya ya ndege wawindaji. Miguuni nywele ndefu nyeupe za mbega. Kitambaa cha pamba kilichoshonewa utepe wa rangi, kinaning'inia kutoka shingoni. Sime kiunoni, rungu, mkuki, na ngao ya ngozi ya nyati. Haggard akavichukua vyote hivyo akamvisha morani wake, hata akataja kwamba michoro ya ngao ilikuwa ya ajabu, kama ya nembo za mabwana wa Ulaya. Kwa hiyo ukiuliza kama mavazi ya Kimasai katika fantasia ile ya 1887 ni sahihi, jibu ni kwamba kwa maneno ni sahihi kuliko mabango mengi ya hoteli zetu za leo.

Na ni sahihi kuliko ushauri wangu. Hebu tuukague.

Shuka nyekundu ya miraba. Morani wa wakati wa Thomson alivaa ngozi ya ndama au mbuzi iliyopakwa mafuta na udongo mwekundu, na vitambaa vya pamba walivyoleta wafanyabiashara wa pwani. Shuka ya miraba ya kiwandani ni mambo ya karne ya 20. Kumvika nayo morani wa "zamani za kale" ni sawa na kumchora Mkwawa na saa ya mkononi. Mimi niliyemkataza mwenzangu chuma cha Ulaya nikamwelekeza kwenye kitambaa cha kiwandani, na nikakiita asili.

Mkuki wenye mti mrefu. Mkuki ule ulikuwa karibu wote chuma. Juu upanga mrefu na mwembamba, chini ncha ndefu ya chuma ya kuuchomeka ardhini, na mti ni kipande kifupi tu katikati, mahali pa kushika. Sehemu nyingine upanga wa mkuki ulikuwa mfupi na mpana kama jani, hivyo aliyejua aliweza kuutazama mkuki akabashiri mwenyewe katoka upande gani na ni wa zama zipi. Waliofua walikuwa wahunzi wa Kimasai wenyewe, ilkunono, watu waliotegemewa kwa silaha huku wenzao wakikataa kuoana nao. Wachaga wa Kilimanjaro nao walifua mikuki ya kuwauzia Wamasai, kwa senyenge iliyopandishwa na misafara kutoka pwani. Hadi leo ukishuka kutoka Karatu kwenda Ziwa Eyasi utawakuta wahunzi wa Kidatoga wakiyeyusha makufuli na mabomba mabovu kwa viriba vya ngozi, wanatoa bangili na ncha za mishale ambazo Wahadzabe wanachukua. Nilikaa pale nusu saa kuangalia kufuli likigeuka kuwa bangili. Hiyo siku nyingine nitaiandika.

Sasa ngao.

Karatu mjini kuna maduka ya vinyago na michoro ambayo watalii husimamishwa wakielekea geti la Loduare. Nikaingia moja. Ukutani Tingatinga za kila rangi, morani warefu wembamba kama nguzo za umeme. Pembeni ngao zimepangwa kama sinia. Muuzaji akanihakikishia: "Hii orijino kabisa, bosi, ya Kimasai." Ilikuwa ngozi ya mbuzi juu ya fremu ya mti, imepakwa rangi ya mafuta, na katikati mtu kachora tembo. Simlaumu. Yeye anauza ukumbusho, na mnunuzi anataka kitu kitakachoingia kwenye begi.

Siku iliyofuata nilikuwa juu, upande wa Endulen. Kwenye kibanda cha chai nikamkuta mzee mmoja na wenzake wawili. Nikamwinamishia kichwa akanigusa utosini, kama inavyotakiwa, halafu nikamwamkia na kwa Kiswahili, shikamoo mzee. Tukazungumza habari zangu za gazeti. Mwisho nikatoa simu nikamwonesha ile picha ya ngao niliyomtumia rafiki yangu, nikamuuliza kama ni nzuri.

Akaiangalia muda mrefu, kaisogeza simu mbali na uso kama wazee wanavyofanya. Akaniuliza, "Hii ya nani?"

Nikamwambia ya Kimasai.

"Nimekuuliza ya nani. Hii inasema nini?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwa subira, kama unavyomweleza mtoto. Ngao ya kwao ilichorwa. Hii haikuchorwa, haya mabaka ni ya ng'ombe mwenyewe, mtu kaichuna ngozi na kuiacha na rangi yake. "Na hizi kamba zilizopita katikati ni za nini? Sisi hatuna hizi." Wenzake wakaikodolea macho, mmoja akacheka. Kijana wa gazeti kaleta ngao ya watu wengine.

Usiku nikiwa Karatu nikatafuta. Wadau, nilikuwa nimemtumia rafiki yangu ngao ya Kizulu. Ngozi ya ng'ombe yenye rangi zake za asili, mistari miwili ya matundu yaliyopitishwa vipande vya ngozi, na fimbo ndefu nyuma inayotokeza juu na chini. Ni alama zake zote, mtoto wa darasa la nne akielekezwa mara moja anaitambua. Umslopogaas kaja tena Umasaini, safari hii kwa mkono wangu.

Na hilo siyo baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba nilikumbuka picha ile niliipata wapi. Mwaka 2022, serikali ilipoanza kuhamishia baadhi ya familia za Ngorongoro huko Msomera, wilaya ya Handeni, gazetini kwetu tulikuwa na habari kuhusu jambo hilo na hatukuwa na picha. Mtu akatafuta mchoro: morani, mkuki, ngao. Mimi, mgeni kazini, nikapewa kuandika maelezo ya chini yake. Nikaandika kwamba ni morani na "ngao ya jadi ya Kimasai". Habari yenyewe ilikuwa ya malisho, maji, shule na viwanja. Hakuna msomaji hata mmoja aliyepiga simu kulalamika. Hapo ndipo nilipojua kosa la mchoro wa zimwi na kosa la ukurasa wa habari linaweza kuwa ni kosa moja, tofauti ni kwamba la zimwi limeandikwa "fantasia" juu yake.

Sasa "inasema nini" ya yule mzee maana yake ni hii. Ngao ya Kimasai, ndefu karibu mita moja, ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati iliyokaushwa ikakunjwa kidogo kuwa na mgongo, ukingo ukashonwa kwa ngozi, na nyuma katikati ukawekwa mpini wa kushika kwa kiganja. Siyo mikanda ya kufungia mkono. Morani aliweza kuisogeza mbele, kuizungusha, hata kuitupa akilazimika kukimbia. Usoni ikapakwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Michoro hiyo inaitwa sirata. Morani wa rika moja na kundi moja walikuwa na sirata moja. Ukiona ngao inakuja kwa mbali kwenye nyasi za Serengeti, unajua ni akina nani kabla hujaona uso. Rangi nyekundu haikuwa ya kila mtu. Chipukizi walibaki na nyeupe, nyeusi na kijivu mpaka wastahili. Na aliyefanya ushujaa wa kipekee aliongezewa alama yake ndogo juu ya ile ya kundi.

Haya yameandikwa. Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyekuwa Moshi, alitoa kitabu Berlin mwaka 1904 kiitwacho Die Masai, na ndani yake kuna michoro ya alama za ngao. Mwaka uliofuata Mwingereza Hollis akatoa cha kwake. Ngao zenyewe ziko British Museum, ziko Berlin. Wasomi wa Ulaya walipoziona walizilinganisha haraka na nembo za koo zao za kishujaa, na safari hii sioni ubaya wa ulinganisho, maana kazi ni ileile. Sisi wenyewe kwa Kiswahili alama ya nchi tunaiita Ngao ya Taifa. Wakenya mwaka 1963 waliweka ngao ya Kimasai katikati ya bendera, na rangi zake ni zilezile tatu.

Kwa hiyo mchoraji anayeweka mistari yoyote ipendezayo juu ya ngao ya morani anafanya kitu kama kuchora kitambulisho na kujaza herufi zisizosomeka mahali pa jina. Kwa mbali kinafanana. Vitabu vya karne ya 19 vilianza tabia hiyo mapema, kwa sababu picha ilichongwa upya juu ya mbao na fundi wa London ambaye hajawahi kuliona vumbi la huku, na mchoro mdogo wa ngao ndio wa kwanza kurahisishwa. Hata Black Panther ya 2018, ambayo mbunifu wake wa mavazi Ruth E. Carter alishinda Oscar mwaka 2019, imechukua rangi na shanga za Kimasai kuwavika walinzi wa mfalme. Nilishangilia ukumbini kama wengine. Wakanda ni nchi ya kubuni, ina ruhusa ya kuchanganya. Ila Ngorongoro ipo.

Ngoja niwape jambo moja ambalo limenikosesha raha tangu nirudi. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameingia kreta ya Ngorongoro ni Oscar Baumann, Mwaustria, tarehe 18 Machi 1892. Hiyo ni miaka mitano tu baada ya riwaya ya Haggard, wakati wasomaji wa London wanamjua morani kama jitu la manyoya ya mbuni linalokuja kuua. Baumann alikuta nini? Sotoka ilikuwa imeshapita, ng'ombe karibu wote wamekufa. Ndui ikafuata. Wamasai wanauita wakati ule emutai. Kambini kwake, nje ya boma la miiba, walikusanyika wanawake waliobaki mifupa, watoto, wazee, na morani wasioweza hata kusimama, wanatambaa kwa mikono na magoti. Punda aliyekufa ilikuwa karamu. Anaandika kwamba walikula mifupa, ngozi, hata pembe za ng'ombe.

Ngozi. Niliposoma hapo nikafunga kompyuta nikaenda kukaa nje. Ngao nayo ni ngozi.

Sotoka iliwaua nyati pia, wengi sana. Yaani ugonjwa mmoja ulimnyang'anya morani ng'ombe aliyekuwa akipigania na mnyama aliyempa ngao. Sijawahi kuona jalada la riwaya, wala bango, wala kadi ya posta, yenye morani wa 1892. Na yeye alikuwa morani, mwenye rika lake na sirata yake.

Asubuhi ya kuondoka, dereva wetu alisimama pale ukingoni wanaposimama wote kupiga picha. Chini kreta ilikuwa wazi kabisa, msitu wa Lerai unaonekana, ziwa linameta. Kulikuwa na madoa meusi kwenye majani, tukabishana kama ni tembo. Tukaazima darubini ya mgeni mmoja: nyati, kundi zima. Ndani ya hifadhi haviwindwi viumbe vile, na ni vizuri. Ila maana yake ni kwamba hata kama yule mzee wa Endulen angempata fundi anayejua, ngao ya kweli haiwezi kutengenezwa hapo, na ngozi yake inakula majani mita mia sita chini yetu.

Nilimpigia rafiki yangu nikamwomba radhi kwa shuka, kwa mkuki na kwa ngao. Alinyamaza, halafu akauliza swali la kazi: "Sawa, sasa niweke sirata gani?" Nikamuuliza kikosi cha kwenye hadithi ni cha rika gani na kundi gani. Akasema mwandishi hakuandika. Nikamwambia basi ampigie mwandishi.

Juzi kanitumia mchoro mpya. Chuma hakuna, miraba hakuna. Mkuki uko sawa, nimeukagua mara mbili. Na morani kageuzwa: tunamwona kwa nyuma, anatazama kreta, ngao iko mbele yake, upande wetu unaonekana mpini tu na vidole vilivyoushika. Mwandishi bado anafikiria kikosi chake ni cha nani.

Mwenye ngao ya zamani nyumbani, au picha ya babu yake akiwa nayo, aniandikie. Hasa kama rangi bado zinaonekana.